Bosi Akitoka Nje

Wanachuo wenzangu, hasa mliopita ile kozi ya uongozi na usimamizi wa elimu, mnalikumbuka jaribio la Iowa. Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake, Lippitt na White, walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya vikundi vya wavulana wa miaka kumi hivi waliokuwa wakifanya kazi za mikono, kama kutengeneza sura za bandia. Kiongozi wa kwanza aliamuru kila hatua. Wa pili alijadiliana na watoto kabla ya kazi. Wa tatu aliwaacha wafanye watakavyo. Wengi wetu tulikariri majina ya mitindo hiyo mitatu kwa ajili ya UE, tukajaza karatasi, tukasonga mbele. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kilichonirudisha kwenye daftari lile ni kiwanda cha chai. Mimi ni mtoto wa Rungwe, na likizo ndefu iliyopita bumu lilikuwa limekata mapema, nikaomba kibarua katika kiwanda kimoja huku kwetu. Jina lake nitaliacha, kwa sababu mambo ninayoyasimulia yangeweza kutokea katika kiwanda chochote. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kubeba magunia zamu ya usiku. Mfagiaji anaona mengi, maana hakuna anayemjali.

Kwa ambao hawajawahi kufika Tukuyu, chai ni mali inayoharibika haraka. Mama anachuma majani mawili na chipukizi, lori linayachukua siku hiyo hiyo, na yakikaa kwenye magunia yanapata joto na kuharibika kabla hayajafika. Kiwandani yananyaushwa kwa upepo kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha. Halafu yanakatwa na kusokotwa na mashine, yanatandazwa yachache, yanakaushwa kwa moto, ndipo yanachekechwa na kufungashwa. Kilo moja ya chai kavu inahitaji zaidi ya kilo nne za majani mabichi. Hatua ya kuchacha ndiyo yenye siri. Rangi inatoka kijani inakuwa kama shaba, harufu ya majani mabichi inageuka kuwa kama ya tunda. Ukiwahi kukausha, chai inakuwa na ukali wa majani. Ukichelewa, inakuwa butu, haina uhai. Hapo tunazungumzia dakika, wala si saa.

Kulikuwa na wasimamizi wawili waliopishana zamu. Wa kwanza alikuwa nyapara hasa. (Neno lenyewe ni la zamani, la mashamba ya mkoloni, lakini vibarua wanalo mpaka leo na hawalitumii kumsifia mtu.) Akiwepo, hakuna mtu aliyesimama. Mikono ilikwenda, magunia yalipangika, hata mimi ufagio wangu ulikuwa na speedi. Ubao wa uzalishaji ulimpenda sana.

Usiku mmoja kuni zilizoletwa zilikuwa mbichi, moto ukapungua, na kikaushio kikapoa. Majani yaliyotandazwa hayakusubiri, yaliendelea kuchacha. Pale mstarini alikuwepo mzee mmoja mwenye miaka 15 katika kazi ile, mtu anayejua chai kwa pua. Nilimwona ameinama, amenusa, amenyanyuka, akatazama ofisi ya msimamizi. Halafu akaendelea na kazi yake. Nikamsogelea.

"Mzee, shikamoo. Mbona kama kuna kitu?"

"Marahaba. Imepita hiyo."

"Sasa si tumwambie bosi?"

Akacheka kidogo. "Wiki ile nilimwambia. Akaniuliza mbele za watu, nani kakupa cheo cha kuonja. Mwanangu, wewe fagia."

Bosi aliligundua tatizo baadaye, akapiga kelele, kuni kavu zikatafutwa, kazi ikaendelea. Asubuhi ubao ulionyesha kilo zile zile za kila siku. Narudia, kilo zile zile. Chai iliyoharibika ina uzito sawa na chai nzuri. Itakuja kujulikana mezani kwa waonjaji, pengine wiki kadhaa baadaye, kabla ya mnada wa Mombasa, au wa Dar es Salaam ambao tangu 2023 nao upo, na bei ikishuka hakuna atakayeweza kuirudisha mpaka usiku ule na ile sentensi ya nani kakupa cheo.

Ndiyo maana nasema swali la mtihani, kwamba mtindo wa uongozi unaathirije tija ya wafanyakazi, tunalijibu kirahisi mno. Tunadhani tija ni wingi. Tija ni kile unachokipata ukilinganisha na saa, kuni, majani na watu uliotumia, na kinachopatikana kinahesabiwa pamoja na ubora wake. Nyapara anaongeza mwendo wa mikono, hilo silibishi. Anachokizima ni midomo, na katika kazi ambayo dosari inaonekana kwanza na mtu wa chini, mdomo ni sehemu ya mashine.

Sasa rudini Iowa. Wavulana wa kiongozi wa amri walifanya kazi kwa bidii sana alipokuwa chumbani. Alipotoka, kazi ilianguka vibaya. Wale wa majadiliano mwendo wao ulikuwa wa wastani, lakini kiongozi alipotoka karibu hakuna kilichobadilika. Hii ndiyo sehemu niliyoiruka nilipokuwa nakariri. Kiwanda kina saa nyingi ambazo bosi hayupo: yuko ofisini, yuko kwenye simu, amelala. Tija yako ya kweli ni ya saa hizo.

Msimamizi wa pili alikuwa mama wa makamo. Alianza zamu kwa kusimama dakika tano hivi kando ya majani yanayonyauka, akauliza, "Ya leo yamekujaje?" Kwetu mvua hainyeshi kwa adabu, na majani yaliyolowa hayanyauki sawa na makavu. Mtu mmoja anasema, "Mama, haya yana maji, tuyaongezee upepo." Mwingine anasema hapana, tutachelewa. Anasikiliza, anaamua yeye. Mara nyingine aliamua kinyume na wote, lakini alisema sababu. Yule mzee wa pua zamu hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa, anaita, anaonyesha, anabisha.

Msije mkadhani alikuwa mpole. Kijana mmoja alifika amelewa, akamrudisha nyumbani pale pale getini, hakuna kikao. Na mashine ikiwa inazunguka na mkono wa mtu uko karibu, unapiga kelele tu, hujadiliani. Kuna usiku ubao wake ulikuwa chini ya ule wa nyapara, na alisemwa kwa hilo. Lakini hakuna aliyeogopa kumpelekea habari mbaya.

Viwandani kwenyewe jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1948 Coch na French waliandika juu ya kiwanda cha Harwood, Virginia, Marekani, kilichoshona nguo za kulalia. Kila utaratibu wa kazi ulipobadilishwa, washonaji walishuka uzalishaji na wengine wakaacha kazi. Basi kundi moja likaambiwa tu mabadiliko. Jingine likatuma wawakilishi kuyapanga. Mawili yakashirikishwa watu wote. Kundi lililoambiwa tu halikurudi katika kiwango chake cha mwanzo, na asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40. Yaliyoshirikishwa wote yalirudi haraka na kuvuka kiwango cha zamani, bila hata mmoja kuacha. Mashine zilikuwa zile zile.

Na wala tusijifanye kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Nchi hii iliwahi kuyajadili viwandani kwa sauti kubwa kuliko darasani. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulileta mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Februari 1971 ukaja Mwongozo wa TANU, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na ubabe kwa anaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo kuliko viongozi walivyotarajia. Migomo ya miaka iliyofuata, ambayo Issa Shivji ameieleza, mingi haikuhusu mshahara, ilihusu matusi na dharau za mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika mahali pa kumweka pembeni mwenye kiwanda na kuendesha kazi wenyewe. Waliojaribu kuiga kwingine walizimwa. Mabaraza nayo, sehemu nyingi, yakageuka kuwa mahali pa kusomewa maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Kwa maoni yangu hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na baraza, maana mtu akiulizwa kwa uongo mara mbili, mara ya tatu hajibu hata akiulizwa kwa kweli.

Rungwe tuna sababu yetu ya ziada ya kulijali hili. Chai ya viwanda kama Katumba na Mwakaleli hutoka kwa maelfu ya wakulima wadogo, na Kampuni ya Chai ya Wakulima ilipoundwa wakati wa ubinafsishaji wakulima hao waliingia kama wenye hisa. Kwa hiyo usiku mmoja wa chai butu si hasara ya tajiri fulani wa mbali. Mama yangu ana shamba dogo, anatoka na kikapu kabla ya umande kukauka. Nilipomsimulia ile habari ya kuni hakuuliza habari ya mitindo ya uongozi. Aliuliza, "Na hayo majani yalikuwa ya kijiji gani?"

Kuhusu mimi mwenyewe, mwezi uliofuata nilikwenda fildi, nikapewa Kidato cha Pili, wanafunzi zaidi ya 70. Wiki ya kwanza niliwabana, darasa likatulia kama kanisa, mwalimu wangu wa kituo akanisifu. Siku ya nne nilitoka kwenda kusaini daftari la mahudhurio. Kabla sijafika ofisini nilisikia kelele, nikajua ni darasa lipi. Nilisimama pale koridoni nikamkumbuka nyapara na ubao wake. Siwezi kusema niligeuka mwalimu mwingine keshoyake. Nilianza kuwauliza mwanzoni mwa kipindi ni wapi jana hawakuelewa, na siku mbili nzima hakuna aliyenyoosha mkono.

Yule mzee nilikutana naye stendi ya Tukuyu mwezi Januari. Ameacha kiwanda, sasa ananunua parachichi vijijini na kupeleka kwa wanunuzi wakubwa. Nikamuuliza nani anakaa kwenye mstari wa kuchacha siku hizi. "Wamemweka kijana," akasema. "Ana saa ya mkononi."