Jina la Shamba Lisipoandikwa

Somo letu la leo linatupeleka mbali kidogo, Ulaya, katika kisiwa cha Ayalandi. Huko wakulima wana desturi ya kulipa kila shamba jina lake. Shamba laweza kuwa dogo tu, limezungukwa na ukuta wa mawe au ua wa miti, lakini jina linalo.

Majina hayo si pambo. Kwa lugha ya Kiayalandi, Páirc an Tobair ni Shamba la Kisima. Gort na gCloch ni Shamba la Mawe. Mtu akisikia tu, ameshajua wapi kuna maji na wapi jembe litavunjika.

Kuna mahali panapoitwa Cillín. Hapo walizikwa watoto wachanga waliokufa kabla ya kubatizwa, maana kanisa halikuruhusu wazikwe pamoja na wengine. Mara nyingi hapana msalaba wala maandishi, ni mawe tu. Jina likisahauliwa, trekta litapita juu ya makaburi.

Na panapoitwa Lios pana boma la udongo la mviringo. Watu waliishi humo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wazee walisema eti ni makao ya viumbe wasioonekana, na atakayelima hapo atapata balaa. Tuamini tusiamini, hadithi hiyo imefanya kazi. Maboma mengi hayakuguswa na jembe, na leo wataalamu wanajifunza humo maisha ya kale.

KWA NINI MAJINA YANAPOTEA?

Kwanza, ramani. Kuanzia mwaka 1824, serikali ya Uingereza iliyotawala wakati huo ilipima kisiwa kizima. Yaliandikwa majina ya vitongoji, zaidi ya 60,000, tena kwa tahajia ya Kiingereza. Majina ya mashamba yalibaki zaidi vichwani mwa watu.

Pili, lugha. Njaa kubwa ya mwaka 1845 mpaka 1852 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kama milioni moja wakahama. Wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiayalandi. Baadaye Kiingereza kikaenea, na majina mengi yakabaki sauti tupu.

Tatu, mashine. Ua zikang'olewa, mashamba matatu yakafanywa moja. Basi, majina mawili yamekwenda.

KAZI YA WATOTO

Mwaka 1937 watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000 walipewa kazi. Kila mtoto awaulize wazazi, babu, bibi na majirani habari za kwao, kisha aandike katika daftari. Kazi iliendelea mpaka 1939. Zilipatikana kurasa zipatazo 740,000 za hadithi, dawa, mila na majina ya mahali. Zimehifadhiwa katika chuo kikuu mjini Dublin. Hao hawakuwa mabingwa. Walikuwa watoto waliojua kusoma na kuandika, kama sisi tunavyojua.

Watu wazima nao wamefuata. Katika jimbo la Meath, wananchi walijitolea kukusanya majina ya mashamba, na kitabu chao kikatoka mwaka 2013.

NAMNA YA KUANDIKA

1. Liandike jina kama mzee anavyolitamka. Usilisahihishe.
2. Uliza maana yake, na kisa chake kama kipo.
3. Chora ramani ndogo. Onyesha njia, mto na mipaka.
4. Andika jina la aliyekusimulia, kijiji chake na tarehe.
5. Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili.

Kazi hii haingoji. Mzee akifa leo, kesho hatuna wa kumwuliza. Kinachotakiwa ni daftari, kalamu na mtu wa kusikiliza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Jina Cillín linalinda nini?
2. Kwa nini ramani peke yake haikutosha?
3. Mashamba na mabonde ya kwetu yanaitwaje? Nani bado anajua maana yake?