Kufunga sensa ya leza kiwandani: braketi kwanza, menyu baadaye

Mafundi wengi tukipata sensa mpya ya leza tunakimbilia vitufe. Boksi halijatupwa, tayari mtu ameshaipa umeme mezani, anamulika nukta nyekundu ukutani na kufurahia namba zinavyocheza. Hakuna ubaya, hata mimi hufanya hivyo. Ila sensa ikianza kusumbua baada ya kufungwa, mara nyingi chanzo ni chuma kilichoishika au kitu inachokipima. Ndani ya sensa yenyewe hutakuta shida mara kwa mara.

Nitaeleza kwa kazi moja ninayoifahamu vizuri: kupima rola la karatasi kwenye kiwanda cha maboksi, hapa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Nyerere. Rola linapandishwa kwenye stendi, mashine inalivuta, karatasi inapungua. Opereta anataka kujua zimebaki mita ngapi ili aandae rola jingine kabla hili halijakatika. Zamani ilikuwa ni kukadiria kwa jicho, na jicho la opereta mzoefu si la kudharau. Tatizo ni zamu ya usiku ikiwa na opereta mgeni.

Kwanza aina ya sensa. Ziko za namna mbili utakazokutana nazo sana. Ya kwanza inatuma mwale, kisha inautazama kwa pembe kupitia lenzi ya pili iliyo pembeni. Kitu kikisogea, doa la mwanga linahama juu ya kipokezi, na umbali unakokotolewa kutokana na pembe hiyo. Hizi ni kali sana kwa umbali mfupi, zinaweza kuona hata sehemu ndogo ya milimita. Namna ya pili inapima muda ambao mwanga unatumia kwenda na kurudi. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya milimita moja, kwenda na kurudi, ni kama sehemu 7 tu za trilioni moja ya sekunde. Sensa hizi hufika mbali, mita kadhaa na zaidi, lakini kwa sababu ya udogo wa muda huo usahihi wake huwa wa milimita, nao hupatikana kwa kuchukua vipimo vingi na kutoa wastani. Kwa rola la karatasi aina hii ya pili inatosha kabisa. Ukimwachia mtu wa manunuzi achague kwa kutazama usahihi tu kwenye katalogi, atakuletea kifaa cha bei mbaya kisichofika hata nusu ya umbali unaoutaka.

Kabla ya spana, usalama. Nyingi ya sensa hizi ni leza za daraja la 2 kwa kiwango cha IEC 60825-1, maana yake mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1. Jicho hujifumba lenyewe ndani ya robo sekunde na hapo linakuwa limejikinga, ila hiyo si ruhusa ya kuukodolea. Usiifunge sawa na usawa wa macho ya watu wanaopita, na angalia shafti iliyong'aa isiurudishe mwale kwa opereta. Mashine izimwe na kufungwa kufuli kabla hujaingiza mikono kwenye stendi. Na jambo moja nalisema kwa ukali kidogo: sensa ya umbali ya kawaida si kifaa cha kulinda watu. Meneja akikuambia, "Si inaona? Basi iweke izime mashine mtu akisogea," mkatalie kwa heshima. Kazi hiyo ina vifaa vyake vilivyothibitishwa kwa usalama.

Sasa braketi. Ifunge kwenye fremu ileile inayobeba rola, siyo kwenye ukuta wala nguzo ya jirani. Stendi ikitikisika, sensa nayo itikisike pamoja nayo, na kipimo kitabaki vilevile. Stendi nyingine zina mikono ya haidroliki inayoliinua rola kutoka sakafuni, maana yake mhimili wa rola unahama. Hapo sensa inapanda kwenye mkono wenyewe, na kebo unaiachia ulegevu wa kutosha ili isivutwe mkono ukiinuka. Tumia bati nene. Kibati chembamba kinachotetemeka kama mkia wa mbuzi kitakufanya utafute tatizo kwenye programu siku nzima.

Mwale lazima uelekee katikati kabisa ya mhimili. Hapa ndipo watu wanapopuuza, na hesabu yake ni rahisi. Tuseme mwale umekosea katikati kwa milimita 20. Rola likiwa limejaa, nusu kipenyo milimita 500, mwale utagonga mahali panapoonekana kama 499.6. Hilo hakuna atakayeligundua. Karatasi ikiisha na kubaki bomba la kadibodi lenye nusu kipenyo cha 50, sensa itaona 45.8. Kosa limeongezeka zaidi ya mara kumi, tena pale pale ambapo opereta anahitaji ukweli. Kwa karatasi ya unene wa milimita 0.2, namba ikisema karatasi imeisha, kwenye rola bado kuna mita 6 na kitu. Mita 6 si msiba. Msiba ni opereta kuiona hiyo karatasi kwa macho yake huku skrini ikimwambia sifuri. Kuanzia hapo hataiangalia tena skrini.

Njia yangu ya kupata katikati haihitaji kifaa chochote. Weka bomba tupu kwenye stendi, lisiwe rola lililojaa, kisha legeza bolti za braketi na usogeze sensa juu na chini taratibu huku ukisoma umbali. Namba itapungua, itasimama, halafu itaanza kuongezeka. Pale ilipokuwa ndogo kuliko kote ndipo katikati. Kaza hapo, kisha chora mstari wa maka kwenye bati na fremu ili anayekuja baada yako ajue ilikuwa wapi. Bomba tupu ni dogo, kwa hiyo linaonyesha kosa waziwazi. Rola kubwa lingekuficha.

Waya hazina mengi. Kwenye plagi ya M12 kwa kawaida waya wa kahawia ni chanya ya volti 24 na wa bluu ni sifuri. Mweusi, mweupe na kijivu hutegemea mtengenezaji, kwa hiyo fungua karatasi yake badala ya kukisia. Kebo ya sensa isilale kwenye trei moja na kebo ya mota inayoendeshwa na invata. Wavu wa kebo uunganishe na ethi upande wa paneli. Halafu uliza swali hili kabla hujawasha: nani anatoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20, sensa au kadi ya PLC? Sensa nyingi za leza hutoa zenyewe. Kadi nayo ikiwa imewekwa kutoa umeme kwenye mzunguko, viwili hivyo vitagombana, na utapata namba isiyoeleweka au kadi iliyoungua. Weka multimita kwenye mzunguko na uone miliampea kwa macho yako kabla hujaiamini skrini.

Baada ya hapo ndipo menyu. Iache sensa iwe na umeme kwa nusu saa hivi ipate joto lake, kwa sababu kipimo cha dakika za mwanzo huhama kidogo kidogo. Kwenye stendi yetu, kutoka sensa hadi katikati ya mhimili ni milimita 1,200. Mimi huweka miliampea 4 kwenye 1,200 na miliampea 20 kwenye 600, yaani kinyume: umbali ukipungua, mkondo unapanda. Kwa mpango huo miliampea 4 ni nusu kipenyo sifuri, na 20 ni nusu kipenyo 600. Kila miliampea moja ni milimita 37.5. Rola la 500 litasoma miliampea 17.33, bomba tupu litasoma 5.33, na juu bado pana nafasi siku likija rola nene kuliko kawaida. Kama PLC ni Siemens, 4 hadi 20 huingia kama 0 hadi 27648, kwa hiyo unagawa tu. Sensa ikipoteza mwale, iagize itoe 3.6 au 21, isishikilie namba ya mwisho. Namba iliyoganda inaonekana nzuri sana mpaka karatasi ikatike.

Kisha geuza nusu kipenyo kuwa mita. Chukua mraba wa kipenyo cha rola, toa mraba wa kipenyo cha bomba, zidisha kwa 3.1416, gawa kwa mara nne ya unene wa karatasi. Rola la kipenyo cha 1,000 lenye bomba la 100 na karatasi ya 0.2 lina kama mita 3,888. Sasa jaribu rola lilelile likiwa limeliwa nusu ya unene wake, nusu kipenyo 275. Wengi watakuambia imebaki nusu ya karatasi. Imebaki mita 1,149 hivi, haifiki hata theluthi. Opereta mzee wa pale, ambaye hajawahi kuandika fomula yoyote, alikuwa anajua hilo kwa miaka: "Likifika hapa, fundi, linaisha kwa kukimbia." Kwa sababu hiyo kwenye skrini onyesha mita, usionyeshe asilimia ya unene. Na unene wa karatasi uwe sehemu ambayo opereta anaweza kuubadilisha, kwani aina za karatasi hazifanani.

Filta ndiyo inayohitaji kufikiri. Rola halizunguki kwa uduara kamili. Foko lifti yenye mikono ya kubana imelikandamiza, au limelala ghalani kwa ubavu, limekuwa na umbo la yai. Kila likizunguka mara moja, namba inapanda na kushuka. Mtu wa haraka ataongeza wastani hadi namba itulie, bila kujua anatuliza nini. Piga hesabu. Mashine ikienda mita 200 kwa dakika, rola la kipenyo cha mita 1 linamaliza mzunguko kwa karibu sekunde 0.94, likibaki bomba, ni sekunde 0.09 tu. Basi wastani wa sekunde moja unameza mzunguko mzima hata rola likiwa kubwa. Ukiweka robo sekunde, yai litaonekana kwenye skrini. Mashine ikipunguza mwendo yai litarudi, na hapo ni bora wastani ufanywe ndani ya PLC kwa kuhesabu mizunguko, kama shafti ina kihesabio.

Jaribio usilifanye kwa karatasi nyeupe pekee. Mtengenezaji hutoa masafa kwa kitu kinachoakisi asilimia 90 ya mwanga, na karatasi ya kahawia haifiki huko. Weka kahawia, weka nyeupe, bandika na kipande cha tepu nyeusi, ulinganishe umbali. Rola jipya likiwa bado na nailoni juu yake, mwale utateleza au utang'aa. Mwambie msaidizi aitoe kabla ya kupandisha. Mkia wa karatasi uliolegea nao hupigapiga mbele ya sensa, na hiyo huonekana kama namba inayoruka. Kipenyo cha kweli kipate kwa kuzungusha futikamba kwenye rola na kugawa kwa 3.1416, halafu linganisha kwenye rola lililojaa, la katikati na linalokaribia kuisha.

Kuna tatizo ambalo halimo kwenye kijitabu. Viwanda vyetu vingi vina bati angavu kwenye paa ili mchana kusiwashwe taa. Sensa iliyofungwa asubuhi ikafanya kazi vizuri, saa tisa alasiri inaanza kupoteza mwale kwa dakika kadhaa, kisha inapona yenyewe. Opereta anasema imepata joto. Angalia chini: kuna mraba wa jua unaotembea sakafuni, na saa hiyo umepanda juu ya rola mahali panapopigwa na leza. Kofia ya bati juu ya sensa haitatosha kama jua linapiga rola. Kinga jua lenyewe, au geuza sensa itazame kutoka upande mwingine.

Vumbi la karatasi ndilo adui wa kila siku. Futa kioo kwa kitambaa laini kikavu. Hewa ya kompresa iliyojaa maji na mafuta itakuachia utando mbaya kuliko vumbi lenyewe, na kioo cha plastiki usikiguse kwa thina. Sensa nyingi huonyesha nguvu ya mwanga unaorudi. Iandike siku ya kwanza, maana ikianza kushuka wiki hadi wiki utajua kioo kimechafuka kabla opereta hajalalamika.

Mipangilio yote iandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa paneli: umbali wa mhimili, namba za 4 na 20, muda wa wastani, nguvu ya mwanga. Ukibadilisha sensa, hata kwa nyingine ya modeli ileile, ingiza namba hizo kisha rudia kazi ya bomba tupu kabla ya kumkabidhi opereta mashine. Mwale wa sensa mbili hautoki mahali pamoja kabisa, na mstari wa maka ulikuwa wa ile ya kwanza.