MAS'ALA YA MTOTO WA MEZA
Je, mfanyakazi aweza kujilipa kwa mkono wake?

Baada ya darasa letu la Jumamosi hapa Satellite alinifuata kijana mmoja, akangoja mpaka wenziwe wakatoka wote. Kazi yake ni kupokea fedha katika duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Naivasha. Akasema: "Sheikh, fedha za mtoto wa meza zikipungua mia, tajiri hunikata katika mshahara. Zikizidi mia, huzitia mfukoni mwake. Kazi yangu ni mpaka saa kumi na mbili za jioni, nami hufunga duka saa mbili za usiku, na ziada hiyo silipwi. Basi tangu mwezi wa tatu huchukua hamsini, mara nyingine mia, kila jioni. Je, hiyo si haki yangu?"

Wako watakaomjibu upesi kuwa ni haramu, kisha wakaondoka. Jibu la namna hiyo halimtoshi mtu aliyedhulumiwa, na wala si uaminifu katika ilimu. Wanavyuoni wameizungumza mas'ala hii tangu zamani, nao huiita dhafar, yaani mtu kuipata mali ya yule amdaiye akajilipa humo. Katika madhehebu yetu ya Shafi mlango haukufungwa: Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba mwenye kunyimwa haki yake aweza kuchukua kiasi cha haki hiyo. Na dalili mashuhuri ni kisa cha Hind binti Utba, aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi matumizi ya kumtosha. Mtume akamruhusu achukue kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa kadiri ya ada njema.

Lakini mtazame Hind vizuri. Kwanza alikwenda kuuliza, ndipo akaruhusiwa. Haki yake ilikuwa dhahiri, haina mgogoro. Tena akawekewa mpaka, ndio huo wa kumtosha. Hadithi ya pili, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, inatuamrisha kumrudishia amana aliyetuamini, na kutomfanyia khiyana hata yule aliyetufanyia sisi. Kwa ajili hiyo wako maimamu waliokataza jambo hili, na wale walioliruhusu wakalitilia masharti: haki iwe imethibiti, kiasi chake kijulikane, mwenye kudaiwa awe amedaiwa akakataa, na kisizidishwe hata ndururu moja.

Basi nikamwuliza kijana: "Umemdai tajiri wako?" Akasema: "La, naogopa kufukuzwa." Nikamwuliza saa zake za ziada ni ngapi tangu mwezi wa tatu. Hakujua. Nikamwuliza amekwisha chukua kiasi gani. Hakujua pia, na hapo akainamisha kichwa. Mwanangu, mtu asiyejua anachodai wala alichochukua hakusanyi deni. Hasira yake ndiyo imekuwa karani wa duka, na karani huyo hana daftari.

Nilipomdodosa zaidi likatoka jingine. Baadhi ya hamsini hizo hazikuwa za tajiri. Zilikuwa chenji za wanunuzi waliosahau. Tena kuna fundi mmoja aliyelipa misumari kwa kuituma fedha katika nambari ya simu ya kijana mwenyewe, si ya duka. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mwizi wa duka hahitaji mfuko mpana. Hili halina dhafar ndani yake. Fundi yule hakumdhulumu mtu, na misumari ni ya tajiri. Ama zawadi aipatayo mtu kwa sababu ya cheo chake cha kazi, twajua Mtume alivyomkaripia yule mtu wa Azd aliyekusanya zaka akaja akigawa hili lenu, hili nimezawadiwa: kwa nini asikae nyumbani kwa babake na mamake aone kama ataletewa?

Nanyi matajiri, msifurahi mkadhani makala haya ni yenu. Mkono wa mfanyakazi katika sheria yetu ni mkono wa amana. Haulipi kilichopotea ila akipurukusha au akikhini. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, imeruhusu kumkata mtunza fedha upungufu uliotokana na uzembe au udanganyifu wake tu, na makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara. Mwenye kukata kila mia bila ya kuuliza, kisha akameza kila mia iliyozidi, huyo naye yumo katika mtoto wa meza usiku. Na amfanyishaye mtu kazi akamnyima ujira, Mwenyezi Mungu ameahidi kuwa khasimu yake Siku ya Kiyama.

Sikumficha kijana kwamba kudai kuna khatari. Kodi ya chumba Kawangware haingoji fatwa. Nikamwambia aandike saa zake kila siku, amwendee tajiri kwa adabu baina yao wawili, na akikataliwa yuko afisa wa kazi wa serikali, ambaye kazi yake ni kusikiliza mashitaka kama hayo.

Akauliza zile alizokwisha chukua azirudishe vipi, naye akijulikana atapelekwa polisi. Nikamjibu kuwa kurudisha ni wajibu, kujifichua si sharti. Akadirie kwa wingi, si kwa uchache. Za fundi na za tajiri azirudishe kidogo kidogo katika mtoto wa meza. Zikionekana zimezidi, tajiri atazitia mfukoni kama ada yake, na safari hii ni zake kweli. Za wanunuzi anaowajua awape wenyewe, na za asiowajua azitoe sadaka kwa niaba yao.

Jumamosi hii amekuja na daftari, tukaketi tukahesabu mpaka adhana ya Magharibi. Kwa tajiri bado hajaenda. Asema atakwenda mwisho wa mwezi.