Mgonjwa wa akili akishtakiwa: semeni mapema

Kijana aliyekuwa akitumia dawa za akili anaacha kuzimeza, maradhi yanarudi, na usiku mmoja anachoma nyumba ya jirani. Kukicha polisi wanamchukua. Hapo familia nyingi za Karagwe na Kyerwa hunyamaza, wengine kwa aibu, wengine wakidhani hakimu atajionea mwenyewe. Hataona. Mgonjwa anaweza kusimama kizimbani ametulia tuli, na Kanuni ya Adhabu inamhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Marekani wana mahakama maalumu kwa kesi hizi tangu 1997, zikianzia Broward, Florida: mshtakiwa akiridhia, hakimu humsimamia katika matibabu badala ya kumfunga. Sisi hatuna. Tulicho nacho, yaani utetezi wa maradhi ya akili, kimo ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, nacho kinahitaji mtu wa kukisema.

Kisemwe siku mshtakiwa anaposomewa shtaka na kutakiwa kujibu. Kama ana wakili, mwambieni kabla ya siku hiyo. Mahakama ikiona ipo sababu, huahirisha kesi na kuagiza apelekwe hospitali ya akili. Isanga, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe, ndiko wanakopelekwa wengi, safari ndefu kweli kutoka Kayanga au Murongo. Daktari ana siku 42 za kuandika taarifa. Anachotafuta ni hiki: saa ile ya tukio, ugonjwa ulimzuia kujua anachofanya, au kujua kwamba hakifai, au kujizuia?

Lakini daktari hakuwapo usiku ule. Mlikuwapo ninyi. Tena taarifa yake haiifungi mahakama, ndiyo maana ushahidi wa nyumbani una uzito mkubwa. Tafuteni karatasi za zahanati au za Hospitali ya Nyakahanga, na pakiti za dawa hata zikiwa tupu. Tafuteni jirani aliyemsikia akibishana na asiyeonekana, na mwenyekiti wa kitongoji aliyeitwa kumtuliza. Kama mlianzia kwa mganga wa kienyeji msimfiche. Naye anajua ugonjwa ulianza lini. Pombe ni jambo jingine: ulevi wa kujitakia peke yake haumwokoi mtu.

Mkifanikiwa, msitegemee kurudi naye nyumbani jioni hiyo. Mahakama hutamka kwamba alitenda, ila hana hatia kwa sababu ya maradhi ya akili, kisha huamuru awekwe hospitalini au mahali pengine salama. Inauma, najua. Ila kuchoma nyumba kwa makusudi adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha, na gereza si mahali pa kumtibu mtu.

Ndugu yenu akikamatwa leo, mwambieni mkuu wa kituo kwamba ni mgonjwa na ana dawa zake. Kisha bebeni karatasi zake za matibabu mwende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, kabla ya tarehe ya mahakama.