SOMO LETU: MANENO YA CHETI CHA KEBO ZA KOMPYUTA



Siku hizi kompyuta zimefika hata vijijini. Zimo katika shule za sekondari, katika zahanati na katika ofisi za vyama vya ushirika. Mara nyingi huunganishwa kwa kebo ili zipelekeane habari. Fundi akimaliza kazi huleta karatasi za vipimo. Kila kebo ina ukurasa wake. Humo mna namba, herufi, na neno moja kubwa: PASS, yaani imefaulu, au FAIL, yaani imeshindwa. Halafu fundi husema: "Wazee, tieni sahihi hapa nilipwe."

Je, utatia sahihi jambo usilolielewa? Ukishatia sahihi, fedha ya wananchi imekwenda. Na kebo ikishapitishwa ukutani na plasta ikapigwa, kuibadilisha ni kubomoa. Haya, tujifunze maneno ya karatasi hiyo.

1. KEBO IKOJE?

Ukiikata kebo utaona nyaya ndogo nane. Zimesokotwa mbili mbili, kwa hiyo ni jozi nne: ya buluu, ya chungwa, ya kijani na ya kahawia. Kusokotwa huko si urembo. Kunazuia habari za jozi moja zisivuje na kuingia katika jozi nyingine. Ndiyo maana fundi anapofunga soketi hatakiwi kufumua msokoto zaidi ya milimita 13.

Kebo zina madaraja, nayo huitwa kategoria. Kategoria 5e hupimwa mpaka megahezi 100. Kategoria 6 hupimwa mpaka megahezi 250, na kategoria 6A mpaka 500. Megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde. Kadiri namba inavyopanda, kebo inaweza kubeba habari nyingi zaidi kwa haraka.

2. KUPIMA KWA NAMNA TATU

Kuhakiki ni kuangalia tu kama nyaya zimefungwa mahali pake. Kifaa chake ni cha bei nafuu.

Kupima uwezo ni kuangalia kama kebo inaweza kubeba mwendo fulani wa habari.

Kuthibitisha ni kupima kila kitu na kulinganisha na kiwango kilichoandikwa. Kiwango cha Marekani huitwa TIA-568, na cha kimataifa huitwa ISO/IEC 11801. Kifaa chake ni cha bei kubwa. Kama mkataba unasema kebo zithibitishwe, fundi asikuletee taa za kijani za kifaa cha kuhakiki akasema ndiyo hiyo hiyo. Siyo hiyo.

3. MANENO YALIYOMO KATIKA KARATASI

Ramani ya nyaya. Huonyesha kila waya umetoka wapi na umefika wapi. Waya uliokatika au uliogusana na mwenzake huonekana hapa.

Urefu. Kebo iliyofungwa ukutani, toka soketi mpaka soketi, isizidi mita 90. Hicho ni kipande cha kudumu. Ukiongeza kebo fupi za kuchomeka pande zote mbili, njia nzima isizidi mita 100.

Upungufu. Maji yakipita katika mfereji mrefu hupungua. Habari nazo hupungua nguvu katika kebo. Upungufu hupimwa kwa desibeli. Nguvu ikipungua kwa desibeli 3, imebaki nusu. Ikipungua kwa desibeli 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Hapa namba ndogo ndiyo nzuri.

Mnong'ono wa jirani. Katika karatasi herufi zake ni NEXT. Ni habari za jozi moja kusikika katika jozi ya pili. Kipimo hiki huonyesha jinsi jozi zilivyotengana, kwa hiyo hapa namba kubwa ndiyo nzuri. Usichanganye na upungufu!

Mwangwi. Herufi zake ni RL. Ukipiga kelele mbele ya mlima, sauti hukurudia. Habari nazo hurudi nyuma zikikuta kebo iliyokunjwa vibaya au soketi mbovu. Hapa pia namba kubwa ni nzuri.

Akiba. Ni tofauti kati ya kikomo cha kiwango na kile kilichopimwa. Akiba kubwa ni afya ya kebo. Akiba ikiwa na alama ya kutoa, kebo imeshindwa.

4. JIHADHARI NA MAMBO HAYA

Kwanza, soma juu ya karatasi ujue kebo ilipimwa kwa kiwango gani. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 hapa Tanzania ulikuwa na hatua nne. Aliyefaulu hatua ya pili hakupewa cheti cha hatua ya nne. Vivyo hivyo, kama mmelipia kategoria 6 na karatasi inasema 5e, hiyo PASS ni ya mtihani mdogo.

Pili, angalia nyota. PASS yenye nyota maana yake kebo imefaulu kwa tofauti ndogo mno, hata kifaa chenyewe hakina hakika kamili. Mwombe fundi afunge upya na apime tena.

Tatu, jozi zilizochanganywa. Fundi anaweza kuchukua waya wa jozi hii na wa jozi ile akazifanya jozi moja, na akafanya hivyo hivyo upande wa pili. Kila waya utaonekana umefika mahali pake, na taa zitawaka vizuri. Kumbe mnong'ono ni mkubwa na habari zinakwenda kwa kusuasua! Kipimo cha NEXT ndicho kinachofichua kosa hili.

Nne, waya uwe shaba tupu. Kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiona ndani ni mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Viwango haviikubali. Ina ukinzani mkubwa zaidi, na ikitumika kupeleka umeme kwenye kamera hupata joto zaidi.

Tano, namba iliyoandikwa kwenye kebo iwe ile ile iliyo kwenye karatasi. Uliza pia kifaa kilisahihishwa lini. Watengenezaji hushauri mara moja kwa mwaka. Mkulima hauzi pamba kwa mizani asiyoiamini, sivyo?

MASWALI

1. Kebo ya ukutani ni mita 88. Kebo za kuchomeka ni mita 5 na mita 4. Je, njia nzima inakubalika?

2. Kikomo cha NEXT ni desibeli 35. Kebo imepimwa ikapata 41. Akiba ni ngapi?

3. Kikomo cha upungufu ni desibeli 31. Kebo imepata 33. Je, imefaulu?

4. Jadilianeni katika kikundi: nani katika kamati yenu atasoma karatasi za vipimo kabla ya malipo?

MAJIBU

1. Ndiyo, jumla ni mita 97. 2. Desibeli 6. 3. Hapana, imezidi kwa 2.

Kata ukurasa huu uuhifadhi. Siku fundi atakapokuja, ukae nao mkononi.