SOMO LETU: MANENO NA MAJINA YA ELDAS

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka na visima. Wafilisti walikuwa wamevifukia visima vya baba yake. Isaka akavichimbua tena, na hakuvipa majina mapya, bali alivirudishia yale yale aliyoyatumia baba yake. Kisha watumishi wake wakachimba vingine. Cha kwanza kiligombaniwa, kikaitwa Eseki, yaani ugomvi. Cha pili kikagombaniwa vile vile, kikaitwa Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakuna aliyekigombania, kikaitwa Rehobothi, yaani nafasi.

Mtu wa Eldas akisikia habari hii hahitaji kuelezwa sana. Anajua kwamba kisima kina jina, na kwamba jina hilo linaweza kukueleza kama utakunywa kwa amani au la. Kwa hiyo katika toleo hili tumeamua kuangalia maneno na majina ya sehemu zetu hizi. Tunawafikiria hasa walimu, wauguzi na watumishi wengine wanaotoka mbali kuja kufanya kazi hapa, na pia vijana wetu ambao wanayataja majina haya kila siku bila kuuliza yana maana gani.

NENO "EL"

Tuanze na mji wenyewe. Eldas, El Wak, Elben, Elnur: yote yanaanza na El. Hili ni neno la Kisomali, na maana yake ni kisima. Kwa mwandiko wa Kisomali huandikwa "Ceel". Mgeni akiliona kwenye ramani iliyochapishwa Somalia huweza kulisoma "seel", lakini sivyo. Serikali ya Somalia ilipoamua mwaka 1972 kwamba Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, herufi C ilipewa kazi ya ile sauti ya kooni ambayo Waarabu huiita ain, na X ikapewa kazi ya H nzito. Huku Kenya tumeendelea kuandika kwa mtindo wa Kiingereza. Ndiyo maana Ceel na El ni neno moja. Shikeni jambo hili la C na X, maana tutalirudia, na litatuletea matatizo.

Waborana nao husema "ela" kwa maana hiyo hiyo ya kisima. Si ajabu. Kisomali, Kiborana, Kirendille na Kigabra ni ndugu katika ukoo mmoja wa lugha, ule wa Kikushi.

Lakini tahadhari! Si kila El ni kisima. Eldoret haina undugu na Eldas. Jina la Eldoret huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Tunasema hivi kwa sababu karani asiyejua Eldas iko wapi akiona "Eld" hukimbilia Eldoret, na barua au mzigo wa mtu ukaenda Bonde la Ufa.

El Wak, kule Mandera, lina habari nzito zaidi. Ni Ceel Waaq, visima vya Waaq. Waaq ni jina la kale la Mungu kati ya Wakushi, kabla ya Uislamu na kabla ya wamishonari. Waborana na Wagabra hulitumia hadi leo. Onesimos Nesib, akisaidiwa na Aster Ganno, alipotafsiri Biblia kwa Kioromo, ile iliyotolewa mwaka 1899, hakutafuta jina la Mungu kutoka ng'ambo. Alitumia Waaqayyo, ambalo watu walikuwa wakilitumia wanapoomba mvua. Wasomali leo ni Waislamu na husema Allah au Ilaah, lakini neno la kale bado limejificha ndani ya maneno yao. Msichana akiitwa Barwaqo, jina lake lina maana ya neema, yaani wakati wa mvua nzuri na malisho ya kutosha, na ndani yake mna Waaq.

Kuna El nyingine ambayo Wakenya wengi waliisikia kwa huzuni: El Adde, Ceel Cadde, huko Gedo nchini Somalia, mahali kambi ya wanajeshi wetu iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Maana yake ni kisima cheupe. Sisi tunaona ni vizuri familia zilizopoteza vijana wao pale zijue kwamba kabla ya kuwa jina la vita, lilikuwa jina la maji.

Majina mengine tutayapitia kwa haraka. Habaswein ni "habaas weyn", vumbi jingi, na aliyepita hapo mwezi wa Februari hatabisha. Wajir, wazee hulieleza kwa neno la Kiborana la kuwa pamoja, kwa kuwa mifugo ya koo nyingi ilikutana kwenye visima vile vifupi vya mawe ya chokaa. Arbajahan, upande wa Wajir Magharibi, ni Kiborana pia: "arba" ni ndovu, na "jaha" ni sita. Ndovu sita! Na "tula", kwa Waborana, ni visima virefu sana ambamo watu hupanga mstari kwenye ngazi wakipokezana ndoo huku wakiimba. Basi ukiona wadi ya Elnur/Tula Tula humu humu Eldas, tazama jinsi Kisomali na Kiborana vilivyoandikwa kwenye kibao kimoja. Wakati fulani vijana wa jamii hizi wanapogombania malisho, kila upande hudai kwamba nchi ni yake tangu mwanzo. Majina hayasemi hivyo. Majina yanasema kwamba wote walikunywa hapa.

"Laga" nalo lisisahaulike. Ni bonde la mto mkavu, na neno hili limeshaingia katika Kiswahili chetu cha Kenya. Mgeni huona mchanga mzuri wenye miti ya kivuli akafikiri ni mahali pa kulala au kujenga. Sivyo. Mvua inaweza kunyesha mbali ambako huioni, na maji yakakufikia usiku chini ya mbingu yenye nyota.

MANENO YA UGONJWA

Hapa tunaomba wauguzi na maafisa wa mifugo wasome polepole.

Neno la kwanza ni "sandik". Ukilipasua ni maneno mawili ya Kisomali: "san", pua, na "dhiig", damu. Ni jina ambalo wafugaji hulipa ugonjwa wa mifugo kutokwa damu puani, kondoo na mbuzi kutupa mimba wengi kwa pamoja, na wana kufa. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha Kaskazini Mashariki, mbu wakajaa, na wafugaji wakaanza kuitaja sandik. Mnamo Desemba mwaka huo wagonjwa wa kibinadamu wakaanza kufika hospitali huko Garissa, na ikathibitishwa kuwa ni Homa ya Bonde la Ufa. Hadi mlipuko ulipoisha mwaka 2007, zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini. Watafiti waliokuja baadaye kuwahoji wafugaji walikuta kwamba dalili zilionekana katika maboma kabla wakubwa hawajatambua kuna mlipuko. Neno la onyo lilikuwa limeshasemwa, ila lilisemwa kwa lugha ambayo haikuandikwa kwenye fomu.

Kwa hiyo mzee akija kituoni akasema "sandik", usimwambie arudi akiwa na maelezo zaidi. Andika neno lake kama alivyolisema, uliza ni wanyama wangapi, ni malisho gani, kisha mpigie simu afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Na kwa wafugaji tunasema: mnyama mwenye dalili hizo asichinjwe, mtu asishike mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe.

Neno la pili ni "qaaxo", yaani kifua kikuu. (Mnaona ile X? Soma kama H ya nguvu.) Zamani neno hili lilitajwa kwa sauti ya chini, maana familia yenye qaaxo iliona aibu, na wengine walimficha mgonjwa hadi akafa. Aliyeliondolea neno hili sehemu kubwa ya aibu yake katika Wajir ni mwanamke Mwitaliano, Mkristo mlei, Annalena Tonelli. Yeye aliona kwamba mfugaji hawezi kukaa wodini mwezi baada ya mwezi mbali na watu wake. Kuanzia mwaka 1976 wagonjwa wakajengewa vibanda kama vya nyumbani, wakakaa hapo na jamaa zao, na kila mmoja akawa anameza dawa huku anaangaliwa. Mahali hapo watu wakapaita Manyatta ya TB. Neno manyatta lenyewe ni la Kimaasai, kwa hiyo katika Wajir ugonjwa wenye jina la Kisomali ulitibiwa na Mwitaliano katika nyumba yenye jina la Kimaasai. Huyu Annalena ndiye pia aliyesaidia kuwatafuta majeruhi na kuzika maiti baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, na ikambidi baadaye aiache Kenya. Aliuawa kwa risasi huko Borama, Somaliland, tarehe 5 Oktoba 2003.

Mtu akikohoa zaidi ya majuma mawili, aende apimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.

MANENO YANAYOUMIZA

"Shifta" ni neno lililotoka Ethiopia, na huko lina maana ya jambazi au mwasi wa msituni. Katika vita vya 1963 hadi 1967 serikali ililitumia kwa wapiganaji waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia. Vita viliisha, neno halikuisha. Mchunga ngamia ambaye hakuwahi kushika bunduki akaitwa shifta, na mtoto wake pia akaitwa shifta shuleni Nairobi.

"Warya" nalo ni la kuchekesha kidogo. Kwa Kisomali "waryaa" ni namna ya kumwita mwanamume, kama kusema "we bwana!" Watu wa bara waliwasikia Wasomali wakiitana hivyo, wakafikiri ndilo jina la kabila. Afadhali useme "walaal", ndugu. Hilo hakuna atakayelikataa.

Lakini tuseme kweli pande zote. Hata hapa kwetu mwalimu kutoka Kitui au Kakamega akiitwa "nywele ngumu" sokoni, naye huumia. Akihesabu miezi ya kuondoka, ni darasa la watoto wetu linalobaki bila mwalimu.

MAJINA YA WATU NA KARATASI ZAO

Msomali hana jina la familia kama Wazungu. Ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Akiolewa, mwanamke habadilishi jina. Kwa hiyo, wauguzi, mama akija kliniki na jina lisilofanana na la mumewe, msidhani ameficha kitu, na msimwandike kwa jina la mume.

Majina mengi ni ya dini, kama Abdullahi na Fatuma. Mengine hueleza jinsi mtoto alivyokuja. Geedi alizaliwa watu wakiwa safarini wanahama. Warsame ni habari njema. Roble alikuja na mvua. Jirani yake Mborana aliyekuja na mvua ni Roba, na aliyezaliwa mchana ni Guyo. Na mwalimu wao Mkamba akiitwa Wambua, au Mjaluo akiitwa Okoth, hao nao ni watoto wa mvua. Wakiketi wote kwenye kivuli kimoja, wana jina moja!

Kuna pia jina la utani, "naaneys". Dheere ni mrefu, Madoobe ni mweusi. Kwa kawaida si tusi, kwa maana Abdi wako wengi na lazima watofautishwe.

Sasa turudi kwenye C na X. Tuchukue mfano wa mvulana, Xasan Cabdi Dheere. Kwenye kadi ya kliniki muuguzi ameandika Hasan Abdi. Shuleni ameandikwa Hassan Abdi Dere. Kwenye cheti cha mtihani mtu amesikia vibaya, ameandika Hussein. Baba yake kwenye kitambulisho ni Abdirahman, kwa kuwa Abdi ni ufupisho tu, na Dere halimo, maana lilikuwa la utani la babu. Huyu kijana mmoja sasa ni watu wanne. Akifika miaka 18 akiomba kitambulisho, anaulizwa yeye ni yupi kati ya hao.

Kwa miaka mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walilazimika kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakuulizwa. Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuuondoa utaratibu huo. Lakini hakuna tangazo linaloweza kumfanya Hasan na Hussein kuwa mtu mmoja. Hilo hufanywa na mzazi, na hufanywa mapema, kwenye notisi ya kuzaliwa, kabla wino haujakauka.

ZOEZI

Wiki hii kaeni nyumbani mtoe karatasi zote za kila mtoto: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule. Ziweke pamoja juu ya mkeka. Jina liko sawa herufi kwa herufi? La baba je, linalingana na kitambulisho chake? Ukiona tofauti, nenda kwanza kwa mwalimu mkuu arekebishe daftari la shule kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani, kwa sababu cheti kikishachapishwa kusahihisha huwa ni safari nyingi na gharama. Tofauti ikiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, muone chifu akuelekeze kwa msajili.

Kwa vikundi: kila mtu ataje kisima, laga au mlima mmoja karibu na kwao, na aulize wazee wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, jina lilitoka wapi. Andikeni majibu yote mawili hata kama hayapatani, mtuletee.