Binti Yako na Sayansi: Vidokezo kwa Wazazi wa Mji wa Kale

1. Anzeni na hina. Msichana gani wa Mombasa asiyeijua? Muulize kwa nini unga wake hukandwa kwa ndimu, ukaachwa saa kadhaa kabla ya kupakwa. Majani ya mhina yana kemikali iitwayo lausoni. Tindikali ya ndimu husaidia kuitoa, na lausoni hiyo hushikana na protini ya ngozi. Ndiyo maana rangi huanza kama chungwa, kisha ikakoza baada ya siku moja au mbili. Piko nyeusi ni habari nyingine. Mara nyingi huwa na PPD, kemikali ya rangi za nywele, ambayo huweza kuchoma ngozi na kuacha kovu. Binti anayeielewa tofauti hiyo ameshaingia kwenye kemia, na anaweza kumwokoa bi harusi.

2. Mteremke pamoja hadi Mama Ngina wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Aweke alama maji yalipofika. Mrudi baada ya wiki, maji yakiwa mafu, apime tofauti na kuchora grafu. Wavuvi wetu wanayajua haya tangu jadi. Yeye atafute sababu yake.

3. Mtajie wanawake waliotangulia. Elizabeth Marami alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa rubani wa meli, kazi ya kuziongoza meli kubwa kuingia bandarini hapa hapa kwetu. Dkt. Jacqueline Uku, mtafiti wa nyasi bahari, amefanya kazi KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mkomani, ng'ambo tu ya maji.

4. Mpunguzieni kazi. Hili naliona ndilo zito kuliko yote. Binti atoke shule, aende madrasa, arudi aoshe vyombo, abembeleze mtoto, na kakake ameketi na simu! Hesabu hutaka muda na akili iliyotulia. Kaka naye aoshe vyombo.

5. Ukihofia kumwachia aende peke yake kujifunza kompyuta, fuatana naye. Swahilipot Hub iko karibu na Ngome ya Yesu, na vijana hukutana pale kwa teknolojia na sanaa. Keti, uulize maswali yako yote, umwone anavyofanya.

6. Msichague mkondo kwa hofu. Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na uchaguzi hufanywa binti akiwa bado Gredi ya 9. Alama mbaya za muhula mmoja zisimfungie STEM, yaani mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; zungumza kwanza na mwalimu wake wa hisabati. Na akitokea mzee wa kusema elimu ya ufundi haituhusu, mkumbushe kwamba Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama MIOME, taasisi iliyoanzishwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu hiyo hiyo.